Sifa za Kukata Mistari

Kati ya kazi zote za programu, mimi naisifu moja ambayo hata wenye kuifanya hawaitaji: kuchukua maandishi yaliyokuja mfululizo na kuyakata mstari mmoja mmoja, bila kupoteza kitu.

Mto Tana hupimwa kimo cha maji Garissa na tena huku chini Garsen. Tuseme vipimo vya Garsen vya Aprili, mwezi wa masika, vimewekwa kwenye faili, kila siku mstari wake, bila tarehe. Sisi tunaona mistari. Kompyuta inaona herufi zinazofuatana tu, na baina ya siku na siku alama isiyoonekana. Tena alama yenyewe haiko namna moja. Mashine za teleksi zilihitaji amri mbili: rudi mwanzo wa mstari, kisha sogeza karatasi. Windows ikarithi zote mbili, namba 13 na 10. Unix ikatosheka na 10. Faili la Windows ukilikata kwa 10 peke yake, 13 inabaki imeng'ang'ania mkiani mwa kila kipimo. Utalitazama mchana kutwa usiione.

Wanakili wa tenzi walikuwa na nafuu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyeuandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, alikuwa na mizani nane na vina vya kumwonyesha kipande kinapoishia. Namba za mto hazina vina.

Kisha kuna mstari mtupu. Wengi wakishakata huifagia mitupu yote, faili lipendeze. Tabia hiyo siipendi hata kidogo. Mstari mtupu wa Garsen ni siku isiyopimwa. Huenda maji yenyewe ndiyo yaliyofunga njia ya kufikia kipimo. Ukiufuta, Jumanne inakaa ubavuni mwa Alhamisi, na mchoro wako unaonyesha mto uliopanda usiku mmoja kumbe ulipanda kwa siku mbili. Mkulima wa mpunga kwenye delta angeuliza siku ile nyingine imekwenda wapi.

Kwa hiyo, katika Python, natumia `splitlines`, inayozitambua alama zote hizo, kisha nahesabu. Aprili lazima itoe mistari 30, mitupu ikiwemo. Anayekata kwa `split('\n')` faili lililofungwa kwa alama hupata 31, kwani utupu ulio baada ya alama ya mwisho nao huhesabiwa mstari. Ikitoka 29, sichori kitu. Narudi kulifungua faili.