Fundi Anayeanza na Mfuniko

Pikipiki iliyokufa haina fumbo kubwa. Fundi anauliza moto upo au haupo, mafuta yanafika au hayafiki, na kabla ya saa kupita jibu limepatikana. Inayosita ni kazi nyingine kabisa. Kila kitu inacho, ila hukikosa kwa muda mfupi kisha ikakipata tena. Dereva anavuta mafuta, injini inajizuia, inamisi mara mbili tatu, halafu inaondoka kwa nguvu zote. Akiifikisha kibandani inanguruma vizuri mbele ya fundi, na mwenyewe anabaki anaapa kwamba huko mlimani haikuwa hivi.

Newala malalamiko haya hayaishi, na sababu zake ni za hapa hapa. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na Msumbiji ng'ambo. Ardhi ni mchanga, na upepo haukai kimya. Karl Weule, mtafiti kutoka Leipzig aliyepiga kambi Newala mwaka 1906, aliulalamikia upepo huo na vumbi lake, na hakuwa na kabureta ya kulinda. Kuanzia Juni vumbi linapata mwenzake: salfa, unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriubwiri, ambao mifuko yake hufika shambani juu ya pikipiki hizi hizi. Ikiingia Oktoba korosho zinaanguka, magunia yanakwenda kwenye maghala ya vyama vya ushirika, AMCOS, na pikipiki ya Boxer yenye injini isiyofika hata sentimita za ujazo 150 inapandisha mzigo unaozidi uzito wake. Hapo ndipo kusita kunapojitokeza, maana injini isiyo na mzigo husamehe kasoro nyingi.

Fundi mwenye papara anakimbilia kabureta. Anaifungua, anaiosha, anapuliza jeti kwa mdomo, anairudisha, na pikipiki inatembea siku mbili. Ikirudi anamwambia dereva anunue kabureta mpya. Fundi ninayemsifu mimi huanza kwa kusikiliza. Nimewahi kukaa kwenye benchi la kibanda kimoja pale mjini, nikasikia mazungumzo ambayo ningependa kila anayejifunza kazi hii ayasikie.

"Shikamoo, fundi. Hii inanikatia njiani. Nimejaza tenki kituoni, hata mjini sijatoka ikazima. Mafuta yao yana maji."

"Marahaba, mwanangu. Ulipofungua mfuniko kuchungulia, ulisikia nini?"

"Ilipiga mluzi, fyuu. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka."

"Basi mafuta ya watu yaache."

Hakugusa spana. Alikuwa ameshajua kwamba tenki limekosa pumzi. Petroli ya pikipiki hizi haina pampu, inashuka kwa uzito wake tu, na kila tone linalotoka lazima hewa iingie badala yake kupitia kitundu kilichofichwa ndani ya mfuniko. Kitundu kikiziba, tenki linakuwa chupa ya maji iliyopinduliwa: hutoa kidogo, husita, hutoa tena. Na hauhitajiki upungufu mkubwa. Kimo cha petroli kutoka tenkini hadi kwenye kabureta ni kama sentimita 30, na uzito wa kimo hicho ni sawa na asilimia 2 tu ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Mgandamizo ndani ya tenki ukipungua kiasi hicho, petroli inasimama ilipo.

Sasa tazama kwa nini swali lake lilikuwa zuri. Tenki likijaa, nafasi ya hewa juu yake huwa ndogo, pengine lita moja. Petroli ya kilomita moja au mbili tu ikitoka, hewa hiyo ndogo imeshatanuka vya kutosha kuzuia mafuta. Tenki likiwa nusu, hewa ni nyingi, na pikipiki hiyo hiyo inaweza kwenda mara kadhaa ya umbali huo kabla ya kusita. Ndiyo maana dereva hupatwa na balaa mara tu baada ya kujaza, akakishuku kituo. Kushuku kwenyewe si ujinga. Nchi hii imewahi kuteswa na petroli iliyochanganywa mafuta ya taa hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha vinasaba vya mafuta mwaka 2010. Lakini mafuta mabaya hayapigi mluzi.

Alipoufungua mfuniko ule, alikuta mchanga uliogandamana na salfa. Siku nyingine hukuta udongo wa nyigu, ambaye hupenda sana vitundu vya ukubwa huo. Kisa kinachoniuma zaidi ni kipande cha nailoni ambacho madereva hutandika mdomoni mwa tenki kabla ya kufunga, ili petroli isiruke kwenye suruali au maji ya mvua yasiingie. Wanalinda mafuta, wanaziba pumzi. Dawa ya kitundu kilichoziba ni waya mwembamba, sabuni, upepo wa pampu, na kijana wa kazi kupuliza kwa mdomo kuhakikisha hewa inapita.

Malipo ya kazi hiyo ni hela ya soda. Hapa nina neno na sisi wateja. Tunalipa spea kwa moyo mweupe kwa sababu tunaishika mkononi, lakini akili iliyotuokoa gharama ya kabureta tunaiona haina bei. Fundi mkweli anapata kidogo kwa sababu amejua zaidi. Tungemlipa kwa kugundua, vijana wengi zaidi wangejifunza kugundua.

Kabureta nayo ina mipira yake ya kupumulia, kwa sababu kikombe chenye boya lazima kihisi mgandamizo ule ule wa hewa ya nje. Mpira ukibanwa chini ya tenki au ukiingia tope, kiasi cha petroli kinachonyonywa kinabadilika, na injini inasita hata mfuniko ukiwa mzima. Ipo pia hewa ya wizi, inayopenya kwenye ufa wa mpira unaounganisha kabureta na injini. Fundi anadondoshea maji juu ya mpira huo pikipiki ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, ufa ameupata. Halafu anaitoa plagi: nyeusi yenye masizi, petroli imezidi; nyeupe, hewa imezidi; ya kahawia, aitafute hitilafu kwingine.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa hatari, na sioni ukizungumzwa vya kutosha. Tenki jeusi likiachwa juani kijiweni mchana kutwa, petroli hugeuka mvuke, na mvuke unataka kutoka. Ukikosa njia, unaisukuma petroli ipite sindano ya boya hadi kabureta ifurike na kuvuja chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu au zaidi. Haupai. Hutambaa chini, unatafuta mahali palipoinama, na vijiwe vyetu havikai mbali na jiko la mkaa la muuza chipsi. Fundi anayehamisha pikipiki inayonuka kabla hata ya kusikia maelezo amewaokoa watu ambao hawatajua kamwe.

Mvuke huo ndio ulioendesha injini za kwanza za petroli, zilizolishwa kwa hewa iliyopitishwa juu ya petroli, hadi Wilhelm Maybach alipobuni kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893. Leo nchi nyingine zinaukamata usipotee angani. California ilianza kudai hivyo kwa pikipiki miaka ya 1980, na India, zinakotoka Boxer na TVS, ikafuata katika muongo uliopita: kopo la mkaa maalumu hunyonya mvuke wa tenki, na injini huurudisha ndani na kuuchoma. Kopo hilo nalo lina mipira, na mipira huziba. Dereva akijaza tenki hadi shingoni, petroli inauzamisha mkaa, na kusita kunarudi kwa njia mpya. Pikipiki za aina hiyo zikizidi kupanda uwanda huu, kijana aliyefundishwa kuuliza habari za mluzi atakuwa na pa kuanzia.

Fundi wa kibanda kile hakumkabidhi dereva pikipiki yake papo hapo. Aliagiza tenki lijazwe tena mpaka juu, akafunga mfuniko vizuri, akampakia kijana wake nyuma, akashuka nayo mteremko na kuipandisha kwa gia ya juu, mahali ilipokatalia. Waliporudi akaizima, akaufungua mfuniko sikio likiwa karibu, ndipo akapokea hela yake.