Kicheko cha Mtani: Ucheshi na Huruma katika Nyimbo za Remmy Ongala

Utangulizi

Wahakiki wa nyimbo za muziki wa dansi nchini Tanzania wamezoea kutenganisha mambo mawili. Ucheshi huwekwa upande wa fani, pamoja na tashihisi, takriri na uteuzi wa maneno. Huruma huwekwa upande wa maudhui, pamoja na dhamira, ujumbe na falsafa ya mtunzi. Kwa mgawanyo huo, kichekesho huonekana kama sukari iliyochanganywa na dawa chungu: kazi yake ni kumvuta msikilizaji ili ujumbe umfikie. Makala hii inadai kwamba mgawanyo huo haufai kuzisomea nyimbo za Remmy Ongala. Katika nyimbo hizo, kuchekesha na kuhurumia ni tendo moja, na tendo hilo lina jina la siku nyingi katika jamii za Afrika Mashariki, yaani utani.

Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Remmy, alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia bendi ya Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila. Albamu zake zilizosikika sana nje ya nchi ni Nalilia Mwana (1988), Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992). Alifariki dunia Desemba 2010. Graebner (1989) ni miongoni mwa wataalamu wa mwanzo kuzichunguza nyimbo zake, na kichwa cha makala yake kinauliza muziki huu ni wa nani. Makala hii inauliza swali lililo jirani na hilo: mwimbaji anapomcheka mtu, anaipata wapi haki hiyo?

Utani na Njia ya Misafara

Jibu linaweza kutafutwa katika historia ya Tabora. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo na kufika Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Nyingine ilielekea magharibi hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, nchi ambayo Kindu ni mmojawapo wa miji yake. Wapagazi wengi katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Kiswahili nacho kilisafiri pamoja na mizigo. Lugha ambayo Ongala aliitumia kuwachekesha watu wa Dar es Salaam ilikuwa imefika alikozaliwa kwa njia hiyo hiyo ya misafara.

Pamoja na bidhaa na lugha, njia hiyo ilikuza utani kati ya makabila. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ndio unaotajwa mara nyingi, na chimbuko lake huhusishwa na safari za wapagazi kwenda pwani. Moreau (1944) aliorodhesha uhusiano wa namna hii katika makabila mengi ya Tanganyika. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza kuwa ni uhusiano unaounganisha urafiki na ushindani, ambamo mtu anaruhusiwa kumkosea mwenzake adabu na yule mwenzake hana ruhusa ya kukasirika.

Maelezo hayo yanafaa, lakini yanaegemea mno upande wa ruhusa. Yeyote aliyehudhuria msiba katika vijiji vya Unyamwezi, iwe Lusu wilayani Nzega au kandokando ya mji wa Tabora, anajua kwamba mtani ana wajibu pia. Mtani hufika mapema na hushiriki kazi nzito, ikiwemo kuchimba kaburi. Huku akifanya kazi hiyo, anamsema marehemu: alikuwa mlafi, alikuwa na deni, sasa amepata kisingizio cha kutolilipa. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Kwa mpagazi aliyefia mbali na kwao, uhusiano huu ulikuwa na maana kubwa zaidi, kwa sababu katika nchi ya ugenini mtani alisimama mahali pa ndugu. Haki ya kucheka, kwa hiyo, ilitokana na wajibu wa kuzika.

Ufahamu huu unapingana na nadharia mashuhuri ya kicheko kutoka Ulaya. Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900, alishikilia kwamba ili mtu acheke, moyo wake sharti ufe ganzi kwa muda, kwa kuwa huruma ni adui wa kicheko. Huenda dai hilo linafaa kwa tamthiliya za Ufaransa alizokuwa akizifikiria. Kwenye msiba wa Kinyamwezi halifai. Hapo kicheko kinatoka kwa mtu ambaye mikono yake ina udongo wa kaburi.

Hapadaiwi katika makala hii kwamba Ongala alifundishwa utani Tabora, wala kwamba aliutaja kuwa msingi wa utunzi wake. Utani unatumiwa hapa kama mwega wa uhakiki. Thamani yake itaonekana ikiwa utafafanua jambo ambalo mgawanyo wa fani na maudhui unaliacha gizani.

Mnyonge Asiyejitenga

Wimbo "Mnyonge Hana Haki", uliomo katika albamu ya mwaka 1988, umejengwa juu ya ngazi ya vyombo vya usafiri. Baiskeli haina kauli mbele ya pikipiki, pikipiki haina kauli mbele ya gari, na gari nalo linanyamaza mbele ya treni. Mnyonge naye yuko hivyo hivyo mbele ya mwenye nguvu. Kichekesho kinatokana na mantiki ya hesabu: kila msikilizaji anaijua barabara na anaweza kuitabiri hatua inayofuata. Kadiri ngazi inavyopanda, msikilizaji anacheka kwa kuwa anaona dhuluma ikipangwa kwa utaratibu mzuri kama ratiba.

Kwa msikilizaji wa Tabora, kuiweka treni kileleni kuna uzito wa ziada. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Chombo hicho ndicho kilichochukua nafasi ya bega la mpagazi. Chini kabisa ya ngazi ya Ongala, chini hata ya baiskeli, yupo mtembea kwa miguu, na mtembea kwa miguu wa njia hiyo ana historia ndefu.

Jambo la msingi hapa ni mahali anaposimama nafsineni. Mtunzi wa tashtiti aghalabu husimama juu ya anayemcheka, au pembeni yake. Ongala anajihesabu miongoni mwa wanyonge na anazungumza akiwa chini ya ngazi. Kwa hiyo anayechekwa ni nani? Si mnyonge, kwa sababu mnyonge ndiye mcheshi mwenyewe. Wala si tajiri peke yake, kwa sababu mwenye pikipiki ni mkubwa kwa huyu na mdogo kwa yule. Kinachochekwa ni ngazi, na kila anayecheka anagundua kwamba amesimama kwenye mojawapo ya vidato vyake. Mtani naye hufanya hivyo hivyo: humcheka mwenziwe akijua kwamba zamu yake ya kuchekwa inakuja.

Soksi na Wajibu wa Kutaja

Wimbo "Mambo kwa Soksi" wa mwaka 1990 ndio uliomletea Ongala lawama nyingi zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na hadi kufikia mwisho wa muongo huo misiba ilikuwa imezagaa. Wimbo unahimiza matumizi ya kondomu, ambayo unaiita soksi. Radio Tanzania ilikataa kuutangaza. Hata hivyo, ulienea kwa kanda na katika kumbi za dansi.

Uhakiki wa kawaida unautaja wimbo huu kama mfano wa sanaa katika huduma ya afya ya jamii. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yangeweza kusemwa pia kuhusu bango la Wizara ya Afya. Tofauti ya wimbo na bango imo katika neno soksi. Soksi ni kitu cha kila siku, kinachofuliwa na kuanikwa mbele ya watoto bila mtu kuona haya. Kwa kuiita kondomu soksi, mtunzi hakuificha, maana kila mtu aliielewa. Aliiondolea utisho na kuiweka pamoja na vitu vya nyumbani. Msikilizaji anacheka kwanza, na baada ya kucheka ana neno la kutumia anapozungumza na mwenziwe.

Waliouona wimbo kuwa matusi walisikia maneno bila kuutambua uhusiano. Neno zito likitoka kwa mtu baki ni tusi; likitoka kwa mtani ni sehemu ya malezi. Swali lililopaswa kuulizwa ni kama mwimbaji alikuwa na haki ya mtani. Nyimbo zake nyingine zinatoa ushahidi. Katika "Kifo", anakilalamikia kifo kisicho na huruma. Aliyeimba kuhusu soksi ni yule yule aliyekwisha kuomboleza pamoja na wasikilizaji wake. Alikuwa amefika msibani kabla ya kuanza kutania, na aliposema neno la aibu alikuwa anajaribu kupunguza idadi ya makaburi.

Pale Kicheko Kinaponyamaza

Mwega wa utani unaeleza pia ni kwa nini Ongala hachekeshi katika baadhi ya nyimbo. "Nalilia Mwana" ni kilio cha mwanamke asiye na mtoto. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mwanamke wa namna hiyo husemwa kisimani na hukejeliwa katika ngoma. Mtunzi mcheshi angeweza kupata kicheko rahisi hapo. Ongala anamwachia mwanamke nafasi ya kuomba, bila mzaha. Kunyamaza huko kunaonesha kwamba kicheko chake kina mipaka, na kwamba mipaka hiyo inawekwa na huruma. Anamtania mwenye nguvu ya kujibu, na yule ambaye jamii imekwisha kumcheka vya kutosha anamhifadhi.

Mipaka ya Mwega

Mwega huu una udhaifu mmoja usiopaswa kufunikwa. Utani ni wa pande mbili: anayetania leo hutaniwa kesho. Wimbo uliorekodiwa husema na haujibiwi. Ukumbini, msikilizaji aliweza kujibu kwa kelele, kwa kucheza au kwa kuondoka, lakini aliyeusikia wimbo wa soksi kwenye kanda siku chache baada ya kumzika mwanawe hakuwa ameulizwa kama yuko tayari kutaniwa. Vilevile, katika "Nalilia Mwana", huzuni ya mwanamke inasemwa na mwanamume. Huruma ipo, lakini kauli si yake mwanamke. Utani halisi ungemruhusu ajibu.

Hitimisho

Makala hii imedai kwamba ucheshi wa Remmy Ongala haukuwa pambo la ujumbe wake. Ulikuwa namna yake ya kudai undugu na wasikilizaji ambao hakuzaliwa nao, kama wapagazi wa njia ya Tabora walivyojipatia ndugu ugenini kwa kutaniana. Ikiwa hoja hii ina nguvu, wahakiki wa nyimbo za Kiswahili hawana budi kubadili swali wanaloanza nalo. Badala ya kuuliza kichekesho kinabeba ujumbe gani, waulize anayechekesha amejifunga kwa wajibu gani kwa yule anayechekwa. Kwa kipimo hicho, nyimbo nyingi zinazosifiwa kwa kejeli zitaonekana kuwa na ukali usio na wajibu wowote, na nyimbo kadhaa zilizokataliwa redioni kwa sababu ya utovu wa adabu zitastahili kusikilizwa upya.