Wanne Waliokaa Pamoja na Siti

Ukimwuliza mtu wa Bariadi ngoma ya leo ni ya nani, atakutajia ningi, yaani manju, mtunzi na kiongozi wa wimbo. Wapiga ngoma hawatajwi. Akipenda kuendelea atakwambia kama ningi huyo ni wa Bagika au wa Bagalu, zile pande mbili ambazo mapokeo ya Wasukuma yanasema zilianzishwa na Ngika na Gumha, mahasimu wawili waliotegemea dawa na nyimbo vilevile. Waasisi wamekwisha kufa zamani, lakini pande zao zinashindana hadi leo, mavuno yakiisha, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi.

Ni kwa masikio ya mtu wa nchi hii ya pamba kwamba mimi husikiliza taarabu. Niliipata kwa redio, kama wengi wetu wa bara. Kundi ninalolirudia kila mara ni la watu watano tu: Siti binti Saad, na pamoja naye Subeti, Buda, Mbaruku na Maalim Shaaban. Kwa udi, fidla na dafu walijaza nyumba nzima kwa sauti. Ulaya wana muziki wa aina hiyo wa watu wanne, wenye fidla mbili, fidla nene na selo, na wanauhesabu kuwa mtihani mkubwa wa wanamuziki kwa sababu hakuna pa kujificha. Kwa maoni yangu sisi tuliufanya mtihani huo Unguja, na tukaufaulu, kisha tukasahau waliokaa chumba cha mtihani.

Maisha ya kundi lile yanajulikana vya kutosha. Siti, mzaliwa wa Fumba, binti wa wafinyanzi, aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa tayari kinapiga, na taarabu ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliimba Kiswahili, na mambo ya mitaani yakaingia humo. Wimbo wa "Kijiti" unahusu mauaji ya mwanamke, na mahakama iliyowafunga mashahidi huku muuaji akiwa amekimbilia bara. Mwaka 1928 walivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, wakarudi tena miaka iliyofuata, hadi mdororo wa uchumi wa dunia ulipoipunguza biashara hiyo. Siti alifariki mwaka 1950.

Hapo ndipo ninapogombana na waandishi wetu. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu, na alifanya vema, lakini tangu wakati huo kila mtu anaandika juu ya Siti kana kwamba aliimba peke yake jangwani. Sikiliza santuri zenyewe, msomaji. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi, wimbo ambao barazani ungeweza kuchukua sehemu nzuri ya usiku. Nani alijua pa kukata? Udi na fidla havina vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kuteleza kama sauti inavyoteleza; pale Siti anapovuta pumzi, nyuzi hazimsubiri bure, zinaurudia mkunjo wake na kuupindisha kidogo, mpaka beti inayofuata inaonekana kuwa jibu la fidla. Hiyo si kazi ya vibarua. Baadhi ya santuri za safari zile zilitoka hata kwa majina ya wanaume hao wenyewe, nao walikuwa waimbaji.

Watu wa Ulaya hapa wametuzidi, si kwa muziki bali kwa kuhesabu. Kundi la Amadeus lilianza London mwaka 1947, watu wanne walewale kwa miaka 40. Mwaka 1987 Peter Schidlof, mpiga fidla nene, alipofariki, watatu waliobaki hawakutafuta mtu wa kuziba nafasi yake. Walivunja kundi. Kwa hesabu yao, wanne wakipungua mmoja hakubaki kitu cha kuitwa Amadeus. Nadhani ni ukali uliozidi kidogo. Ngoma za Kisukuma zingefuata sheria hiyo zingekuwa zimekufa pamoja na Ngika. Lakini ukali huo unakiri kwamba yule wa fidla nene, ambaye wasikilizaji wengi hawamtambui sauti, alikuwa robo ya kila kitu.

Baada ya Siti vikundi vya Unguja vilinenepa. Fidla ziliongezeka, kodiani ikaingia, na miaka ya 1990 rusha roho ikaleta vinanda vya umeme, ambavyo mtu mmoja hufanya kazi ya kumi. Sichukii. Watu wanacheza, na Simiyu nzima tunaelewa thamani ya uwanja uliojaa. Ila katika sauti nene namna hiyo kosa la mmoja hufunikwa, na ustadi wa mmoja hufunikwa vilevile.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji ni dogo. Wanapoupiga "Kijiti" na kusema huyo ni Siti binti Saad, waongeze: pamoja na Subeti, Buda, Mbaruku na Maalim Shaaban. Na ngoma zikianza tena huku kwetu baada ya pamba kuuzwa, mshereheshaji mwenye kipaza sauti awaulize majina wale wa nyuma kabla vumbi halijapanda.