Kata Hapa, Usikate Pale

Juni 2011 kampuni ya Apple ilitoa Final Cut Pro X, na wahariri wa video wakachachamaa. Programu ilikuwa imejengwa upya kabisa. Haikuweza kufungua kazi zilizofanywa kwenye toleo la 7, haikuwa na njia ya kuhariri picha za kamera kadhaa kwa pamoja, na ile mistari ya picha na sauti waliyoizoea kwenye taimlaini ilikuwa imeondolewa. Huko Marekani, wahariri wa kipindi cha Conan O'Brien walitengeneza kichekesho cha kuikejeli, kikarushwa hewani. Mtu asiye wa fani angeuliza: hasira zote hizi ni za programu ya kompyuta tu?

Anayewafahamu wahariri hashangai. Hawa ni watu wanaoweza kumaliza chai nzima wakibishana kama wembe, kile kifaa cha kukatia klipu kwenye programu, ni chombo cha mwanagenzi au la, kama mausi inafaa kuguswa, kama unaanza kupanga sauti au picha. Mimi nayapenda mabishano hayo na ninataka kuyasifu. Uhariri ni ufundi unaojificha kadiri unavyokuwa mzuri. Mtazamaji akitoka kwenye filamu humsifu mwigizaji, humsifu mwongozaji, pengine hata mshona mavazi. Mkato uliomtoa machozi hakuuona. Kazi isiyoonekana haina wa kuisifu ila wenyewe, na wenyewe huisifu kwa kuigombania.

Mara nyingi ubishi huu huzimwa kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Wanaoitoa wana ushahidi wa kutosha. Walter Murch alikuwa miongoni mwa wahariri wa Apocalypse Now ya 1979, enzi za kukata mkanda wenyewe na kuuunga kwa mkono. Miaka ya 1990 alimalizia The English Patient kwenye programu ya Avid, ikawa filamu ya kwanza iliyohaririwa kidijitali kupata tuzo ya Oscar ya uhariri. Cold Mountain ya 2003 akaifanya kwenye Final Cut Pro. Thelma Schoonmaker, mhariri wa Martin Scorsese kwa miongo mingi, akashikamana na Lightworks, programu ambayo vijana wengi wa leo hawajawahi kuifungua. Yang Jinmo alihariri Parasite ya 2019 kwenye Final Cut Pro 7, ambayo Apple walikuwa wameshaiacha tangu 2011. Na Everything Everywhere All at Once, iliyobeba Oscar ya uhariri mwaka 2023, ilitoka kwenye Premiere Pro. Majembe tofauti, mavuno yaleyale.

Hata hivyo, methali hiyo inamsuta anayechagua jembe ili asilime. Mkulima wa kweli anajua uzito wa jembe lake, anajua mpini wake unamwinamisha kiasi gani, na jioni mgongo wake unamkumbusha. Ndivyo ilivyo kwa programu hizi: kila moja ina maoni yake kuhusu maana ya kukata, na ukikaa nayo miaka, maoni yake yanakuwa yako.

Chukua jambo dogo: unafuta klipu katikati ya taimlaini. Kwenye Premiere Pro, ukibonyeza kitufe cha kufuta kama kawaida, linabaki pengo. Klipu nyingine hazisogei mpaka wewe useme zisogee. Kwenye Final Cut Pro ya sasa, zilizo mbele zinajivuta zenyewe na pengo linazibika. Ya kwanza inakuambia kwamba wakati ni uwanja, na kila kitu kinasimama pale ulipokisimamisha. Ya pili inakuambia kwamba wakati ni foleni, mmoja akitoka aliye nyuma yake anasogea. Mhariri wa habari ambaye taarifa yake inakwenda hewani baada ya nusu saa ataishukuru foleni. Mhariri wa filamu aliyekwisha kulaza muziki mahali pake, kila pigo likiangukia fremu yake, foleni inaweza kumharibia kazi ya siku nzima kwa kitufe kimoja. Wakikutana hawa wawili watabishana, na wote wana haki, kwa kuwa kila mmoja anatetea aina ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Hata mashine za kale zilikuwa na maoni yake. Kwenye meza za kuhariria mkanda za Steenbeck na KEM, ukitaka kipande kilicho mwisho wa mkanda ulilazimika kuupitisha mkanda wote mpaka ukifikie. Ni usumbufu, lakini njiani ulikuwa unaona tena vitu ulivyokwisha kuvisahau: jicho lililogeuka, mkono uliosita. Murch ameandika kuhusu faida hiyo ya kulazimishwa kutazama. Kompyuta inakupeleka moja kwa moja kwenye unachokitafuta, na kwa hiyo inakunyima usichokijua. Ndiyo maana ushauri ambao wanagenzi huuona wa kizee, kwamba tazama futeji yote kabla hujakata hata fremu moja, hauzeeki. Margaret Sixel alipewa takriban saa 480 za futeji za Mad Max: Fury Road, iliyotoka 2015, akatoa filamu ya saa mbili yenye mikato kama 2,700. Hakuna programu inayoweza kukutazamia saa 480.

Tuje kwenye wembe, maana hapo ndipo moto huwaka. Anayeanza Premiere Pro hujifunza kubonyeza C ili apate wembe. Anakata, anarudi kwenye mshale, anachagua kipande kisichotakiwa, anakifuta, kisha anaziba pengo. Mzoefu anasimamisha alama ya kuchezea mahali anapopataka, anabonyeza Q: kila kilicho kati ya alama na mkato uliotangulia kinaondoka, na pengo linajifunga. Akitaka kuondoa kilicho mbele mpaka mkato unaofuata, anabonyeza W. Mkono wa kushoto haujaondoka kwenye kibodi. Vivyo hivyo na zile herufi tatu ambazo karibu programu zote za kitaalamu zimekubaliana: J kurudi nyuma, K kusimama, L kwenda mbele. Ukibonyeza L tena mwendo unaongezeka. Ukishikilia K pamoja na L picha inatambaa polepole.

"Mdogo wangu, achana na wembe," mzoefu atasema, "unakupotezea muda."

"Kaka, muda huo ndio ninaoutumia kufikiria," kijana atajibu.

Nadhani kijana amegusa kitu, ila amekigusa upande usio wake. Ni kweli kwamba kasi si lengo. Anayekata haraka bila kufikiri anapata video mbovu mapema. Lakini mawazo ya mhariri hukaa kwenye mwendo wa picha, na kila mara anapoacha kutazama ili aitafute ikoni kwa mausi, ule mwendo unakatika kichwani. Murch, ambaye huhariri akiwa amesimama, ana njia ya kupata mwisho wa klipu: anaiacha icheze, anaisimamisha pale mwili wake unapomwambia imetosha, na fremu ile inawekwa alama. Kisha anarudia bila kuiangalia alama ya kwanza. Akisimama kwenye fremu ileile, anajua mkato uko hapo. Asiposimama hapo, bado hajaielewa picha. Jaribu kufanya hivyo kwa wembe na mausi! Kibodi inafaa kwa sababu inamwezesha mtu kuamua huku macho yakiwa bado kwenye picha.

Murch huyohuyo aliwahi kupima vigezo vya mkato mzuri kwa asilimia. Hisia aliipa 51, hadithi 23, mdundo 10, mahali jicho la mtazamaji lilipo 7, mpangilio wa picha kwenye bapa la kioo 5, na mwendelezo wa nafasi halisi 4. Hisia peke yake inazidi vingine vyote vikijumlishwa. Kwa hiyo anayekuonyesha kwamba glasi ilikuwa mkono wa kulia na sasa iko wa kushoto amekukamata kwenye vile vya chini kabisa. Kama mtazamaji alikuwa analia, glasi hakuiona.

Hisia hiyo inakaa wapi hasa? Mara nyingi inakaa kwenye sauti. Tuchukue video ya harusi, kazi inayowalisha wahariri wengi wa mijini kwetu. Bwana harusi ameketi mbele ya ukumbi, anatazama mlangoni. Picha inayofuata ni bibi harusi akiingia, akina mama nyuma yake wakipiga vigelegele. Ukikata picha na sauti mahali pamoja, umetoa taarifa: alikuwa ameketi, sasa ameingia. Sasa vuta sauti ya vigelegele ianze fremu 12 kabla ya picha yake. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu sekunde. Tunamwona bwana harusi, tunasikia vigelegele, uso wake unafunguka, kisha ndipo tunamwona bibi harusi. Tumemsubiri pamoja naye. Ukivuta zaidi, ukafika fremu 50, mtazamaji anaanza kudhani sauti imekosewa. Wahariri huuita mkato wa J, kwa umbo linalotokea kwenye taimlaini pale sauti ya chini inapotangulia kushoto mwa picha. Kinyume chake, sauti ikibaki baada ya picha kuondoka, ni mkato wa L. Hizo fremu 12 ndizo watu watakazozigombania. Mmoja atasema nane zinatosha, mwingine atataka kumi na tano, na kila mmoja ataweka vidole kwenye kibodi kuthibitisha. Masikio yao yananolewa palepale.

Video za harusi zina ugomvi mwingine, ule wa mapambo. Mteja anatazama kazi iliyokatwa safi, mkato wa moja kwa moja juu ya mkato wa moja kwa moja, anakunja uso.

"Mwanangu, mbona yale maua maua hujaweka?"

"Mama, yale maua yatamfunika bibi harusi."

"Sasa wewe kazi yako ni ipi?"

Wahariri hucheka wakisimuliana habari hizi, lakini mama ameuliza swali la maana. Amelipa pesa, anataka kuiona kazi, na ufundi wenyewe umekataa kuonekana. Mioyo inayopasuka na kurasa zinazojikunja ni ushahidi kwamba mtu alikaa kwenye kompyuta. Sioni haja ya kumdharau. Mpe mwendo wa taratibu pale bibi harusi anapogeuka, mradi ulishuti kwa fremu 50 ili ukiziweka kwenye taimlaini ya 25 mwendo uwe laini usiokwamakwama. Mpe picha moja ikiyeyukia nyingine pale ambapo kweli muda umepita, kutoka kanisani au msikitini hadi ukumbini. Mapambo yenye sababu humridhisha mama, na mhariri hubaki na heshima yake.

Ziko nasaha ambazo hakuna anayebishana nazo, na ndizo zinazopuuzwa kuliko zote. Toa majina yenye maana kwa folda zako. Usihamishe faili katikati ya kazi, la sivyo programu itazipoteza na kioo kitajaa onyo jekundu. Weka programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache, maana umeme wetu haubishi hodi ukiondoka. Kama kompyuta ni dhaifu, tengeneza nakala nyepesi za futeji, zile proksi, uhariri kwa hizo, kisha mwishoni urudi kwenye faili halisi. Nakala za akiba ziwe kwenye diski mbili, na moja isikae chumba kimoja na kompyuta. Hazina ladha hizi nasaha, lakini harusi haiwezi kurudiwa.

Ubishi wenyewe siku hizi una wasemaji wengi zaidi. Kampuni ya Australia ya Blackmagic Design ilinunua da Vinci Systems mwaka 2009. Mitambo yake ya kurekebisha rangi za picha, iliyokuwa ya studio tajiri, ikageuka programu, DaVinci Resolve, yenye toleo la bure, na baadaye ikawa programu kamili ya uhariri. Kijana wa Temeke, wa Kisumu au wa Bujumbura asiye na uwezo wa kulipia programu kila mwezi, aliyekuwa akitegemea nakala za wizi zinazokuja na virusi, sasa anaweza kukaa kwenye chombo cha wataalamu kihalali. Mdogo wake anakata kwenye simu kwa CapCut. Wakongwe huwacheka hao wa simu. Mimi nasubiri kusikia hoja za hao wa simu, kwa kuwa aliyekata mamia ya video fupi anajua jambo moja kwa uhakika: mtazamaji anaondoka saa ngapi.

Kwa hiyo ubishi na uendelee, ila uwe na sharti moja. Anayesema njia yake ni bora asitaje jina la programu wala miaka aliyofanya kazi. Aweke mezani matoleo mawili ya kipande kilekile, lake na la mwenzake, yachezwe bila kusema lipi ni la nani, na watazamaji wawe watu wasiojua kuhariri. Likishinda lake, wenzake wajifunze kitufe chake. Likishindwa, yeye ndiye wa kuamka mapema kesho kujifunza kitufe cha wenzake, na kwa mtu anayeipenda kazi hii, hiyo si adhabu hata kidogo.