Mkono wa Polepole

Ng'ombe alizaa usiku. Kulipopambazuka alikuwa chini, shingo ameipinda, kichwa amekilaza ubavuni kama aliyesinzia. Mwenye ng'ombe alikwisha kumwekea maji na majani ya Guatemala, hakugusa. Hapo ni Kamachumu, wilayani Muleba, kwenye banda lililo katikati ya kibanja. Aliyeitwa ni bwana mifugo ambaye nimemfuata mara kadhaa kwa sababu moja tu: napenda kumtazama akifanya kazi.

Hakukimbilia sindano. Alishika masikio kwanza, yakawa ya baridi. Akagusa pua, kavu. Akamulika jicho, mboni imetanuka. Akasikiliza moyo kwa muda mrefu, amefumba macho. Ndipo akamwomba kijana amsaidie kumweka ng'ombe sawasawa, akae juu ya kidari chake na asianguke ubavu, maana akilala ubavu tumbo hujaa gesi. Akakataza kumnywesha chochote, kwa kuwa koo lililolegea humwaga maji kwenye mapafu.

Ugonjwa huo huitwa homa ya maziwa, ingawa mwili hupoa badala ya kupata joto.

"Ma," alimwambia mwenye ng'ombe, "kalsiamu imeshuka kwenye damu. Parathomoni imechelewa."

"Para nini, mwanangu?"

Wengi wangelificha neno hilo na kusema "amepungukiwa na madini". Yeye alilieleza huku chupa ya kalsiamu, aliyoinunua Bukoba mjini, ikipata joto kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Shingoni, alisema, jirani na ile tezi inayovimba ikawa rovu, kuna vitezi vinne vidogo. Kalsiamu ikipungua, vitezi hivyo hutoa homoni iitwayo parathomoni, nayo huiambia mifupa ilegeze akiba yake, huziambia figo zisiipoteze kalsiamu kwenye mkojo, na huziagiza figo hizo hizo ziiamshe vitamini D ili utumbo uvute zaidi kutoka kwenye chakula.

Neno lenyewe ni la Kigiriki. "Para" ni kando, na tezi kubwa ilipewa jina la ngao. Kwa hiyo vitezi hivi viliitwa kwa mahali vilipo, kando ya ngao, kabla mtu hajajua vinafanya nini. Mwanaanatomia Richard Owen aliviona kwa kifaru aliyekufa kwenye bustani ya wanyama ya London. Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari huko Uppsala, akavieleza kwa binadamu mwaka 1880. Mwaka 1925 mwanakemia James Collip alifanikiwa kupata dondoo yenye nguvu ya homoni hiyo, na mwaka huohuo Dryerre na Greig wa Uskoti wakahisi kwamba ng'ombe anayeanguka baada ya kuzaa ameangushwa na vitezi hivyo kushindwa kazi. Leo kwenye karatasi za maabara madaktari huandika herufi tatu tu, PTH.

Mahesabu ya siku ya kuzaa yananishangaza kila mara. Lita 10 za maziwa ya dang'a hubeba gramu 23 hivi za kalsiamu, na damu yote ya ng'ombe ina chache mno kuliko hizo. Homoni huitika, lakini utumbo huhitaji kama siku moja kufungua mlango na mifupa kama siku mbili. Ng'ombe mzee hukawia zaidi.

Siku hizo mbili ndizo bwana mifugo anazozinunua kwa chupa yake.

Alipata mshipa wa shingo kwa mara ya kwanza. Chupa akaishika chini, karibu na bega la ng'ombe, kwa sababu ukiinyanyua juu dawa hukimbia, na kalsiamu ikikimbia husimamisha moyo. Mkono mmoja ulishika chupa, mwingine ukabaki kifuani. Moyo ulipodunda ovyo aliteremsha chupa, akangoja, kisha akaendelea. Dakika zaidi ya 15 zilipita hivyo bila neno. Nikaona msuli wa paja ukitetemeka. Pua ikatoa jasho. Ng'ombe akacheua, akanya.

"Waitu!" Mama akapiga makofi.

Ng'ombe aliinuka kwa nyuma kwanza, akasimama miguu imeachana.

Huku akisafisha sindano bwana mifugo alitoa maagizo. Leo akamuliwe kiasi cha ndama tu, asikaushwe. Na mimba ijayo, wiki tatu za mwisho, maganda ya ndizi na vigogo vya migomba vipunguzwe: vina potasiamu nyingi, na potasiamu nyingi huufanya mwili usiisikie parathomoni. Chumvi yenye kalsiamu nyingi nayo ingoje hadi azae, ili vitezi visizoee kukaa bure.

Mama alirudia neno polepole, pa-ra-tho-mo-ni, akilipima ulimini. Bwana mifugo akamsikiliza hadi mwisho, akafunga mkoba, akarudi kushika masikio ya ng'ombe mara nyingine kabla ya kuondoka.