Uhakiki wa Istilahi: Isambaza, Maharagwe na Neno “Nasibu”

Katika makala hii fupi tunakusudia kuhakiki namna tunavyolitaja kwa Kiswahili jambo moja la biolojia: mabadiliko ya jeni yatokeayo kwa kubahatisha tu, kizazi hadi kizazi. Walimu wa lugha linatuhusu, kwani istilahi mbaya humpotosha mwanafunzi kabla mwalimu wa sayansi hajaanza kueleza.

Tuanze na mfano wa jirani. Jioni mitumbwi huondoka Gisenyi kwenda kuvua isambaza. Samaki huyu si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Vifaranga walioletwa walikuwa sehemu ndogo tu ya samaki wa kule. Kwa hiyo, jeni zilizofika Kivu zilitegemea pia ni nani aliyenaswa siku ile, si ubora wake pekee.

R. A. Fisher (1930) na Sewall Wright (1931) walilieleza jambo hili kihesabu. Mfano wao unaweza kufanywa darasani. Tia chunguni maharagwe 20, meusi 10 na meupe 10. Chota moja bila kuangalia, andika rangi yake, lirudishe, kisha rudia hadi mara 20. Rangi ulizoandika ndizo kizazi kipya. Jaza chungu upya kwa idadi hizo na uendelee. Mwishowe rangi moja itabaki peke yake, ingawa hakuna haragwe lililokuwa bora. Kila kizazi, kwa wastani, utofauti hupungua kwa 1/20. Kwa maharagwe 2,000 hupungua kwa 1/2,000 tu. Nalo haragwe moja la rangi ya pekee kati ya 20 lina uwezekano wa 1/20 wa kuja kujaza chungu chote.

Sasa tuyapime majina. “Mkengeuko wa jeni” halifai: anayekengeuka ameiacha njia iliyo sawa, na hapa hakuna njia iliyowekwa. “Mpeperuko” linavutia zaidi, lakini anayepepeta nafaka anajua kuwa pumba huruka na punje hubaki. Huo ni uteuzi asilia, kinyume cha tunachotaka kusema. “Bahati nasibu ya jeni” linakaribia, ila bahati humfanya msomaji atafute mshindi. Kwa maoni yetu, “mabadiliko nasibu ya jeni” linatosha. Wanafunzi wetu wanalijua tayari neno hilo katika “sampuli nasibu”, na chungu chetu hakifanyi jingine ila kuchukua sampuli.

Je, huku si kubishania maneno tu? La hasha. Hapa Rwanda, tofauti za maumbile ziliwahi kuelezwa kama ngazi za ubora. Katika miaka ya 1930 wakoloni waliandika makabila katika vitambulisho, na vitambulisho hivyo vilitumika kuwabagua wahanga katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mwanafunzi anayeandika kwamba jeni fulani “ilishinda kwa sababu ina nguvu”, bila ushahidi, anarudia kosa la kudhani kwamba kila kilichobaki kilistahili kubaki.

Hata hivyo, mfano wa chungu nao una kasoro. Unachukulia kuwa idadi haibadiliki, vizazi havichanganyiki na uteuzi haupo. Isambaza wa Kivu wamekutana na maji na chakula tofauti, hivyo si kila tofauti yao ni ya nasibu. Istilahi nzuri haifuti mjadala huo; inatuwezesha kuuliza: hili ni la nasibu au la uteuzi?

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Tukitaka kibebe sayansi, tusiridhike na neno kwa kuwa linasikika vizuri. Walimu, jaribuni maharagwe hayo darasani kabla ya kuwapa wanafunzi jina.