Vijitabu vya Mazishi vya Sagalla na Kustaafu kwa Chombo Chake

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiafrika wamezoea kuuliza ni nani aliyeandika, aliandika nini, na alimwandikia nani. Ni mara chache wanapouliza maandishi yalitengenezwa kwa chombo gani, na chombo hicho ni mali ya nani. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama aina moja ya maandishi ambayo haijapewa nafasi katika uhakiki, yaani vijitabu vya mazishi vinavyotengenezwa katika maduka ya Voi kwa ajili ya familia za mlima wa Sagalla na vijiji vilivyo chini yake.

Swali lenyewe limeletwa na tukio. Kampuni ya Microsoft imetangaza kwamba Publisher, programu yake ya kupangia kurasa iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, itafikia mwisho wake Oktoba 2026. Programu hii ni miongoni mwa zile zilizopendwa na wachapaji wa maduka madogo nchini Kenya, waliozitumia kwa kadi za arusi, kalenda za makanisa, vyeti vya shule, na vijitabu hivi. Dai la makala haya ni kwamba kustaafu kwa programu hiyo kunawahusu wasomi wa lugha sawasawa na kunavyowahusu mafundi wa kompyuta, kwa sababu sehemu ya kumbukumbu za jamii yenye maandishi machache imefungwa ndani yake.

2. Maandishi ya Sagalla kabla ya kompyuta

Sagalla ilipata kuandikwa mapema kuliko sehemu nyingi za bara. Mmisionari J. A. Wray wa shirika la CMS alifika huko mwaka 1883, na mwaka 1894 kitabu chake cha utangulizi wa sarufi kilichapishwa London na SPCK. Hata hivyo jalada la kitabu lilitaja lugha ya Kitaita, na jina la Sagalla halikuwekwa hapo. Tangu wakati huo jina hilo limeandikwa kwa namna mbalimbali, Sagalla, Sagala na Saghala, na lugha yenyewe imewekwa mara nyingi chini ya kivuli cha Kidawida, ingawa wanaisimu wengi huihesabu kuwa lugha ya pekee.

Kitabu hicho kina upungufu wake, lakini kina sifa moja ambayo yafaa ikumbukwe katika mjadala huu. Mtu yeyote anayekikuta katika maktaba leo anaweza kukifungua na kukisoma bila ruhusa ya mtu na bila mashine. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa taipu na stensili zilizotumika katika ofisi, shule na makanisa kwa miaka mingi. Mashine za kurudufu za Gestetner zilipostaafu, karatasi zilizotoka humo zilibaki, zikafifia, zikaliwa na mchwa, lakini zilizosalia bado zinasomeka. Kustaafu kwa mashine hakukuwa kustaafu kwa maandishi.

3. Fani

Kijitabu cha mazishi hutengenezwa kwa karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, na kwa hiyo idadi ya kurasa zake sharti igawanyike kwa nne. Jalada hubeba picha ya marehemu, jina lake, na tarehe mbili, ambazo mara nyingi huitwa kuchomoza na kutua kwa jua. Ndani mna ratiba ya ibada, wasifu wa marehemu, nyimbo, shukrani za familia, na picha. Kwa kuwa kazi yote hufanywa kati ya siku ya kifo na siku ya maziko, mtungaji, ambaye aghalabu ni mtoto wa marehemu mwenye elimu, hukaa kando ya mchapaji na kuyasoma maneno yanapoingizwa.

Hapa programu huanza kushiriki katika utunzi. Katika Publisher kila fungu la maneno hukaa ndani ya kisanduku chake. Wasifu ukizidi kisanduku, mchapaji hupunguza ukubwa wa herufi. Herufi zikiwa ndogo kupita kiasi, sentensi hukatwa. Yanayookolewa ni tarehe na vyeo. Yanayokatwa ni habari ya katikati, kama vile jinsi marehemu alivyolima, alivyogombana na alivyopatana. Mhakiki anayelaumu ukavu wa wasifu hizi hana budi kukumbuka kwamba kisanduku nacho kilikuwa mhariri.

Jambo la pili ni kiolezo. Mchapaji haanzi kwa ukurasa mtupu. Hufungua faili la mazishi yaliyotangulia, akabadili picha na majina, na kuacha mengine yakae. Familia ileile ikipatwa na msiba tena, aya ya ukoo hutolewa katika faili la zamani na kupelekwa katika jipya. Kwa njia hii nasaba husafiri kutoka kijitabu hadi kijitabu, pamoja na makosa yake. Huu ni urithishaji wa matini, unaofanana na ule wa wanakili wa miswada ya pwani, ila hapa nakala mama imo katika diski ya kompyuta ya duka.

4. Maudhui

Wasifu wa marehemu hutaja wazazi, nafasi yake katika kuzaliwa, kijiji, shule, ubatizo, kazi, ndoa, watoto, wajukuu na ugonjwa wa mwisho. Katika eneo la Voi kazi hizo zina historia yake: reli ya Mombasa iliyopita hapo mwishoni mwa karne ya 19, mashamba ya mkonge, bandari, na mbuga ya Tsavo iliyoundwa mwaka 1948. Kijitabu kimoja hakina uzito mkubwa. Vijitabu mia, vikipangwa kwa miaka, vinaweza kuonyesha nani alishuka mlimani, lini, kwa kazi gani, na nani alirudi kuzikwa kwao. Kwa watu wasio na magazeti ya lugha yao, hiyo ni tarihi.

Hata hivyo sifa hizi zisimzuie mhakiki kuona kasoro. Kwanza, marehemu wote hufanana: kila mmoja alikuwa mcheshi, mchapa kazi na mcha Mungu. Pili, na hili ndilo zito zaidi, wasifu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili kikapewa nyimbo na shukrani, na Kisagalla kikaachiwa majina ya watu na ya mahali. Matokeo yake huonekana katika istilahi za ujamaa. Kiingereza humwita kwa neno moja dada wa mama na dada wa baba. Mtu aliyelelewa na mama mdogo na mtu aliyelelewa na shangazi huandikwa sawasawa, na msomaji wa miaka hamsini ijayo hataweza kujua malezi yalitoka upande upi wa ukoo. Lugha ambayo ingeweza kulisema jambo hilo kwa usahihi ilikuwa midomoni mwa waombolezaji siku hiyohiyo.

5. Chombo na mwenye chombo

Publisher si ya kwanza kuondoka. Programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus ilitolewa mwaka 1985, ikawawezesha watu wasio na kiwanda cha uchapaji kupanga kurasa mezani. Aldus ilichukuliwa na Adobe mwaka 1994. Adobe ikatoa InDesign mwaka 1999, na toleo la mwisho la PageMaker likatoka mwaka 2001. Waliokuwa na mafaili ya PageMaker waliambiwa wahamie InDesign, na waliochelewa wakakuta kwamba matoleo mapya ya InDesign nayo hayafungui tena mafaili hayo.

Safari hii masharti ni magumu zaidi kwa baadhi ya watumiaji. Kwa mujibu wa tangazo, wanaolipa ada ya Microsoft 365 hawataweza tena kufungua wala kuhariri mafaili yao kwa Publisher baada ya tarehe iliyotajwa. Walioinunua mara moja wanaweza kuendelea nayo, lakini bila msaada wa kampuni, na maadamu kompyuta zao zinadumu. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwenye duka hakuwahi kukimiliki chombo. Alikikodi, na ndani ya chombo cha kukodi akaweka nasaba za watu.

Ushauri wa kampuni ni kugeuza mafaili kuwa PDF au Word. PDF huhifadhi sura ya ukurasa, lakini aya ya ukoo haiwezi tena kusahihishwa kwa urahisi. Word hurudisha maneno yanayoweza kuhaririwa, lakini mpangilio huvurugika. Familia inayotaka kumbukumbu itatosheka na njia ya kwanza. Mtafiti na mjukuu atakayeandika wasifu ujao wanahitaji ya pili.

6. Njia za kukabiliana

Njia zipo, na hazihitaji fedha nyingi. LibreOffice, programu huria isiyolipiwa, imeweza kuingiza mafaili ya Publisher tangu toleo la mwaka 2013, na baadaye ikaongezewa uwezo wa kusoma ya PageMaker. Matokeo huhitaji kurekebishwa kwa mkono, lakini maneno huokoka. Kwa kazi mpya ipo Scribus, nayo ni huria. Hata hivyo kuhama kutoka programu hadi programu hakutoshi ikiwa mazoea hayabadiliki. La msingi ni kuyatenga maandishi na mpangilio: wasifu uwekwe katika faili la maneno matupu, lisomwalo na kompyuta yoyote, na ukurasa uliopambwa uwe nakala yake tu.

Kazi ya kuokoa mafaili ni nafasi pia ya kuhakiki. Aya inapotolewa katika kisanduku chake, wazee wa ukoo waulizwe kama nasaba iliyonakiliwa mara nne ni sahihi, na istilahi za ujamaa ziandikwe kwa Kisagalla. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inaipa serikali wajibu wa kukuza lugha za kienyeji. Idara za lugha hazina sababu ya kuungojea wajibu huo utekelezwe na wengine. Zinaweza kukusanya vijitabu vya karatasi, kwa ridhaa ya familia, kwa kuwa humo mna habari za ugonjwa na za watoto walio hai ambazo haziwi mali ya umma kwa kuchapishwa tu.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kijitabu cha mazishi ni utanzu wenye fani yake, kwamba fani hiyo ilichongwa kwa sehemu na programu, na kwamba maudhui yake ni ya thamani kuliko umbo lake la haraka linavyodokeza. Wachapaji wa Voi watazoea chombo kingine, kama walivyozoea Publisher baada ya taipu. Kazi isiyoweza kuachiwa wao peke yao ni ya mafaili yaliyokwisha kuandikwa. Hayo yanahitaji kufunguliwa, kusomwa mbele ya wenyewe, na kuandikwa upya wakati ambapo angali yupo mtu wa kusema kama marehemu alilelewa na mama mdogo au na shangazi.